Trekta la Taifa Halivuji

Kuanzia Jumamosi ile, uvujaji ulifutwa rasmi katika Shamba la Ushirika la Wadi Rahou. Haukupunguzwa wala haukudhibitiwa. Ulifutwa. Tangazo alilitoa mkurugenzi mwenyewe, Si Menouar Bouguettaya ("Si" kule ni kusema Bwana), akiwa amesimama juu ya kreti la viazi mbele ya banda la mashine, joho jeupe begani, mkoba wa ngozi kwapani, na kreti likilia kwiii kila alipofika kwenye neno "taifa".

"Wananchi wenzangu," alisema, "katika awamu hii ya mapinduzi ya kilimo, hakuna chombo cha umma kinachopoteza hata tone la mali ya umma. Kwa hiyo trekta la taifa halivuji. Atakayeliona linavuja, ameona vibaya. Atakayesema linavuja, amevunja maadili. Ahsanteni."

Wakulima walipiga makofi kwa adabu, kisha wakasogea nyuma kidogo, kwa sababu dizeli ilikuwa imeshafika kwenye viatu vyao.

Trekta lenyewe lilikuwa limekaa bandani nyuma yake, kongwe, la kutembelea minyororo badala ya magurudumu, kubwa, zito, lenye rangi ambayo hapo zamani huenda ilikuwa rangi. Mlowezi wa Kifaransa alipoondoka alibeba kila kitu hadi vitasa vya milango, lakini hili lilimshinda. Wanaushirika walilibatiza Lalla Mbarka, yaani Bibi Mbarka, kwa heshima ya umri wake na kwa kuwa halikuondoka asubuhi mpaka libembelezwe. Katika uwanda wote ule wa Sersou, ni yeye peke yake aliyeweza kulima ardhi ya juu, ile ngumu ambayo matrekta ya magurudumu hupanda kwa mbwembwe na kushuka yakivutwa. Na mvua za kwanza zilikuwa karibu. Ardhi ya juu isipopinduliwa kabla ya mvua, hakuna mbegu. Pasipo mbegu hakuna ngano. Na nyumba isiyo na ngano kule, baridi ikiingia, watu hutazamana tu.

Hilo Si Menouar alilijua. Ila mtu mwenye dhamana hujua mambo mengi kwa wakati mmoja, na jambo kubwa zaidi alilolijua ni uhamisho. Wakubwa walikuwa wamemnong'oneza kwamba mkurugenzi ambaye shamba lake halina upotevu wowote angehamishiwa Algiers, mji mkuu, kwenye ofisi yenye dirisha la kutazamia bahari. Si Menouar alikuwa ameshatoa taarifa: upotevu, hakuna. Sasa trekta likivuja baada ya taarifa kutolewa, huo si uvujaji tena. Huo ni utovu wa nidhamu.

Dereva wa Lalla Mbarka alikuwa Bouziane, Ami Bouziane kwa vijana wote wa shamba, mtu wa kelele na majigambo aliyedai kwamba akisikia injini ikikohoa ng'ambo ya kilima anaweza kutaja ugonjwa na jina la mama wa mgonjwa. Mpaka hapo alikuwa amekosea kila alipogusa. Kwanza alisema ni tanki, akaliziba kwa risasi ya kuyeyusha. Likavuja. Akasema ni filta, akaikaza hadi spana ikapinda. Likavuja. Akasema ni husuda ya majirani.

"Si Menouar, mimi sisemi linavuja," alisema Bouziane mkutano ulipotawanyika. "Nasema tu hivi: jioni nalijaza, asubuhi liko tupu, na hapo katikati mimi sijanywa."

"Hayo yanaitwa matumizi tulivu."

"Lakini linakuwa limezimwa!"

"Ndiyo maana nikasema tulivu," alijibu Si Menouar kwa upole wa mtu anayefundisha watoto. "Wewe kazi yako ni usukani, Bouziane. Istilahi niachie mimi."

Akaenda zake nyumbani. Hakuwa na safari ndefu, kwani nyumba ya mkurugenzi ilikuwa chini tu ya banda, mahali ambapo kilima kinateremka. Ilikuwa nyumba nzuri, na ndani yake mlikuwa na bafu, na bafu hilo ndilo lililoitofautisha na nyumba nyingine zote za Wadi Rahou. Vigae vya waridi kuanzia sakafuni hadi darini. Bomba la maji lenye kichwa cha samaki. Mgeni akija, alioneshwa bafu kabla hajaoneshwa kiti. Ni kweli kwamba mlimau uliokuwa ukutani upande wa banda ulikuwa umekauka ghafla, lakini Si Menouar alikwisha kulieleza jambo hilo: mlimau ulikuwa umestaafu.

*

Mtu asiyejali tangazo lolote alikuwa Bi Kheira. Alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita kondoo, msemaji wa wanawake wa ushirika, na jiko lake la makaa lilikaa mlangoni mwa banda kutwa nzima na birika la kahawa juu yake. Bouziane alimwendea akiwa na bakuli tupu.

"Bi Kheira, nipe unga."

"Wa nini? Umeoa mara ya pili?"

"Nataka kumpaka Lalla Mbarka poda."

"Haa! Bibi wa umri ule poda itamsaidia nini? Posa haiji tena."

"Wewe nipe tu. Baba yangu ndivyo alivyotafuta ufa kwenye mitambo ya Mfaransa. Unafuta injini hadi inakauka kabisa, unainyunyizia unga kote, unasubiri. Mafuta yakitoka, unga unalowa, na njia yake unaiona. Mafuta yanaweza kudondokea mbele kumbe yametokea nyuma. Yanakudanganya. Unga haudanganyi."

"Na hukukumbuka haya kabla hujapinda spana?"

"Nilikuwa nafikiri."

Bi Kheira alimpa unga, akaja naye, akashika na kitambaa. Wakamfuta bibi kizee, wakamnyunyizia, akawa mweupe kama bi harusi. Haikuchukua muda. Mstari wa majimaji ulianza kujichora, mwembamba, ukateremka kutoka nyuma kabisa, kwenye bomba dogo la kurudisha mafuta, pale linapofungwa na washa, kile kipete cha shaba cha kuzuia mafuta yasipenye.

"Mshenzi, kumbe upo huku!" Bouziane alipiga paja lake. "Washa! Washa ndogo kama kifungo cha shati inatunyanyasa hivi!"

Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, na furaha ikamtoka. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi, inanuka dizeli. Maana yake ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta nayo ilikuwa imechanika kiwambo chake cha ngozi, na dizeli ilikuwa inapenya ndani, inajichanganya na oili ya injini. Ukilima na oili ya namna hiyo, injini hujitafuna yenyewe.

"Mnatafuta nini hapo?" Sauti ya Si Menouar ilitokea mlangoni.

"Hatutafuti kitu," alisema Bi Kheira, mikono mieupe hadi viwikoni. "Tunampika."

"Si Menouar, njoo uone," alisema Bouziane. "Kijiti hiki. Oili imepanda."

Mkurugenzi alisogea. "Imepanda?"

"Juzi ilikuwa hapa. Jana hapa. Leo imepita alama. Sasa hiyo ni kwa sababu..."

"Umeongeza oili wewe?"

"Sijaongeza. Ndiyo nakwambia, ni kwa sababu pampu..."

"Yaani imeongezeka yenyewe?"

"Yenyewe, lakini..."

"Bouziane," alisema Si Menouar polepole, "nyamaza kidogo. Usije ukaharibu."

Alikishika kile kijiti kwa vidole viwili. Akakinusa. Akatazama chini, akaona ardhi nyeusi inayong'aa, na kijito chembamba kinachoteremka taratibu kuelekea nyumbani kwake. Akafikiri. Je, si kweli kwamba kusini mwa nchi, jangwani, ardhi inatoa mafuta? Je, Mungu angependelea kusini tu, akausahau uwanda wa Sersou? Mtu wa kawaida akiona kijiti kile angewaza pampu. Ndiyo maana mtu wa kawaida si mkurugenzi.

Alitembea hadi ofisini, akanyanyua simu, akaomba apewe makao makuu.

*

Mhandisi Tewfik wa Idara Kuu ya Rasilimali Zilizojificha alifika kwa gari jeusi, miwani myeusi, viatu vyeusi. Hakusalimia mtu. Alilala kifudifudi mbele ya banda, akanusa ardhi, akachovya kidole, akalamba. Wanaushirika wote walishika pumzi. Bi Kheira alishika mdomo wake kwa kitambaa, kwa sababu nyingine.

"Dizeli," alisema mhandisi hatimaye.

"Dizeli," alikubali Si Menouar kwa sauti ya ibada.

"Safi. Imeshachujwa."

"Mheshimiwa," alisema Bouziane, "hiyo ni dizeli ya..."

"Najua ni ya nini, mzee!" Mhandisi alisimama, vumbi kifuani, machozi nyuma ya miwani. "Kote duniani Mungu ameweka chini mafuta machafu, sisi wanadamu tuhangaike na viwanda. Hapa amemaliza kazi yote mwenyewe. Ni kuchota tu na kutia ndani ya gari!"

Si Menouar alimkumbatia. Kondoo wa sherehe alichinjwa. Na jioni hiyohiyo tangazo la pili lilisomwa kutoka juu ya kreti: Wadi Rahou sasa ni Eneo la Uzalishaji. Lalla Mbarka si trekta tena, ni Kifaa cha Kugundulia, kwa kuwa imethibitika kwamba mafuta hujitokeza palepale anapoegeshwa. Kwa hiyo haruhusiwi kusogea. Kamba ikazungushwa. Bouziane akapewa cheo, Mwangalizi wa Kifaa, na sharti moja, asikiguse.

"Na ardhi ya juu?" aliuliza Bouziane. "Tunalima na nini? Nikalime kwa cheo changu?"

"Nchi inayozalisha mafuta," alisema Si Menouar, "hununua ngano."

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa waliolima. Wewe mbona unauliza maswali ya kurudi nyuma?"

Uzalishaji uliendelea vizuri mpaka tanki la Lalla Mbarka lilipoisha. Hapo ardhi ilikauka. Mhandisi aliingiwa na wasiwasi, akazunguka kamba akiwa na kipima joto. Si Menouar, ambaye alikuwa na kipaji cha kuona uhusiano wa mambo bila kuona sababu yake, aliamuru tanki lijazwe. Mara ardhi ikachangamka. Tangu hapo, pipa zima la dizeli ya ushirika lilimiminwa kila asubuhi.

"Samahani, Si Menouar," alisema Bouziane akiwa na faneli mkononi. "Mimi shule niliikimbia, nisaidie. Tunamwaga mafuta juu, ili tuyaokote mafuta chini?"

"Unaitwa uwekezaji."

"Na yanayookotwa ni machache kuliko yanayomwagwa."

"Unaitwa uwekezaji wa muda mrefu."

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa magharibi. Wanawake walikuwa wakitoka nje asubuhi, wanatazama juu, wanarudi ndani. Bi Kheira yeye alivuka kamba, akamfuata mkurugenzi hadi mlangoni mwa ofisi.

"Si Menouar, nina wajukuu nyumbani na mtungi wa ngano nimeshaufagia kwa mkono. Naogopa. Nakwambia waziwazi, naogopa. Mpe Bouziane ruhusa afunge washa yake, akalime, basi. Hutaki sifa? Sifa zote chukua. Wahenga walisema, usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta, najua," alisema Si Menouar. "Na ujenzi ni maendeleo."

"Mvua inakuja!"

Moyo wa Si Menouar uliguswa. Hakuwa mtu mbaya. Alimshika Bi Kheira bega, akamtazama machoni. "Nitawasiliana na makao makuu kuhusu hiyo mvua," alisema.

*

Ijumaa, kama ada, mgeni alialikwa kula kuskusi nyumbani kwa mkurugenzi. Na kama ada, mgeni hawezi kutia mkono sahanini kabla hajanawa. Nyumba nyingine zote huleta birika na beseni, mgeni ananawia palepale alipokaa. Houria, mke wa Si Menouar, alikuwa tayari na birika mkononi.

"Birika?" Si Menouar alicheka. "Mhandisi wa taifa anawe kwenye birika kama mchunga mbuzi? La hasha! Mheshimiwa, pita huku. Pita, pita, usione haya. Tazama vigae. Waridi, hadi juu. Samaki huyo usimwogope, ni bomba."

"Menouar," alisema Houria, "mwache anawe kwa birika."

"Mwache aone!"

"Menouar, nakwambia anawe kwa birika."

Mhandisi alikuwa ameshaingia. Maji yakasikika, kisha yakakoma. Alipotoka mikono yake ilikuwa inadondosha maji kwenye zulia, na uso wake umepauka.

"Si Menouar," alisema. "Kumbe umetuficha."

"Nimeficha nini mimi?"

"Kwenye tundu la maji, sakafuni. Kuna utando wa rangi za upinde wa mvua. Na harufu yake! Kule bandani ni matone ya pembeni tu. Moyo wa kisima uko chini ya bafu lako!"

"Si nilikwambia!" Houria aliweka birika chini kwa kishindo. "Si nilikwambia, Menouar? Tangu mwezi uliopita naoga gizani, naogopa hata kuwasha kiberiti! Ukasema ni manukato ya sabuni!"

Kuskusi ilipoa. Mhandisi alipiga simu kwa kutumia simu ya mwenyeji, akala kidogo, akashukuru, akatoa amri: mtambo wa kuchimba ulikuwa unakuja, na nyumba iondolewe kabla haujafika. Kesho asubuhi.

"Iondolewe na nini?" Si Menouar aliuliza, kuskusi imemkwama kooni.

"Si mna Kifaa cha Kugundulia? Kina bapa la chuma la kusukumia udongo mbele, nimeliona."

*

Asubuhi shamba zima lilikuwa pale. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyekosa. Kamba ilifunguliwa, Bouziane akapanda, akamwashia Lalla Mbarka. Bibi kizee alikohoa, akatetemeka, akatoa moshi mweupe, akanyamaza. Akajaribu tena. Kikohozi, moshi, kimya.

"Tatizo nini?" aliuliza mhandisi.

"Tatizo analo, mheshimiwa," alisema Bouziane, "lakini sina ruhusa ya kulisema."

"Sema!"

"Nikisema navunja maadili. Muulize mkurugenzi. Yeye ndiye mwenye istilahi."

Watu wote wakamgeukia Si Menouar. Mhandisi akavua miwani, kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa madogo na makini. "Hebu niambie, mkurugenzi. Hili trekta... linavuja?"

Hapo ndipo mzigo wa uongozi unapoonekana. Akisema ndiyo, nyumba inapona, bafu linapona, samaki anapona. Lakini akisema ndiyo, hapajawahi kuwa na mafuta chini ya ardhi, taarifa ni uongo, kondoo alichinjwa bure, na dirisha la kutazamia bahari linafungwa kwa misumari. Si Menouar alitazama nyumba yake. Dirisha la bafu lilikuwa wazi na kigae kimoja cha waridi kilionekana, kinang'aa. Jasho lilimshuka. Bi Kheira alikuwa amekunja mikono, anamtazama bila kupepesa.

"Trekta la taifa," alisema kwa sauti ya mtu anayeuma jiwe, "halivuji."

"Basi lina nini?"

"Limechoka."

"Basi lichangamshwe!" alisema mhandisi, akarudisha miwani. "Kwa amri yangu. Mzee, una ruhusa ya kugusa kila kitu."

Sijui kama Bouziane alishawahi kupewa neno tamu kuliko hilo. Alifungua ile washa ya shaba, akaichomeka kwenye makaa ya Bi Kheira mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini ikalia chwaa. Shaba ikizeeka huwa ngumu na haishiki. Moto huilainisha, ikarudi ujana. Akaifunga. Akamwaga ile oili iliyoharibika, akatia nyingine. Akafungua pampu ndogo, akatoa kiwambo chake kilichochanika, akakiinua mbele ya watu.

"Hapa nahitaji ngozi," alisema. "Nyembamba, laini, imara. Ngozi ya kiatu haifai. Ya punda haifai."

Macho ya watu yalianza kusafiri, moja moja, mpaka yote yakatua kwenye kwapa la Si Menouar.

"Huu ni mkoba wa serikali!" alisema Si Menouar.

"Na hii ni kazi ya serikali," alisema mhandisi, akauchukua. Ndani mlikuwa na mswaki na tai mpya ya kwendea Algiers. Bouziane alivikabidhi kwa heshima, akakata kiwambo kipya kutoka katikati ya mkoba kwa kisu cha Bi Kheira, akakilowesha kwa oili, akakifunga. Akalegeza nati, akasukuma pampu kwa mkono mpaka povu lote la hewa likatoka. Mwisho akamnyunyizia unga. Watu wakasubiri. Unga ulibaki mkavu, mweupe pe.

"Posa bado itakuja," alisema Bi Kheira, akapiga kigelegele.

Lalla Mbarka alinguruma, ndege wakaruka. Alivunja bafu kwanza. Kisha, kwa kuwa yeye ni mkubwa na hageuki kwa urahisi, alilazimika kupitia jikoni, na kwa kurudi nyuma akapitia sebuleni. Houria alikuwa amekaa juu ya sanduku lake barabarani, amempakata samaki wa shaba.

"Mimi naenda Oran kwa dada yangu," alimwambia mumewe. "Ukipata bafu, nipigie simu."

Wakachimba. Wakakuta bomba la maji machafu, kijiko, na mizizi ya mlimau uliostaafu. Mafuta hayakuwepo. Mhandisi alikimbilia bandani: kavu. Akalamba ardhi: vumbi. Akakaa juu ya vifusi vya waridi, akafikiri muda mrefu, kisha akasimama na hitimisho.

"Kisima kimekufa. Na kimekufa kwa uzembe. Miaka yote hii, Si Menouar, umekalia utajiri wa taifa. Umeoga juu yake!"

"Mheshimiwa, nami nilikuwa sijui..."

"Uhamisho wako nimeusimamisha. Kuanzia leo wewe ni Mlinzi Mkuu wa Kisima Kilichokufa. Utakaa hapahapa, bandani, mpaka mafuta yarudi."

Wakati huo Lalla Mbarka alikuwa ameshafungwa plau nyuma na anapanda kilima, taratibu, bila kudondosha tone.

"Linakwenda wapi lile?" aliuliza mhandisi.

"Ardhi ya juu," alijibu Bi Kheira haraka. "Kutafuta mafuta."

Mhandisi aliupenda moyo huo. "Litafute kote," alisema akiingia garini. "Lisiache hata pembe moja!"

Amri ilitekelezwa kikamilifu. Hawakuacha hata pembe moja, na nyuma ya trekta wanawake walitembea wakitupa mbegu, ili, kama Bi Kheira alivyomweleza Mlinzi Mkuu, mashimo ya utafiti yasibaki wazi.

Mvua ilikuja walipomaliza. Ilikuja yote kwa pamoja, nzito, na kule juu ardhi iliyopinduliwa ikainywa. Bouziane aliteremka kilimani analowa na kuimba vibaya, akamwingiza Lalla Mbarka bandani. Humo alimkuta Si Menouar juu ya kreti lake la viazi, joho kichwani, tai mpya shingoni, anahamishia kreti huku, anahamishia kule, na kila anapokwenda matone yanamfuata.

"Bouziane!" alipiga kelele. "Ami Bouziane, ndugu yangu, leta ngazi! Banda linavuja!"

Bouziane alizima injini. Alitazama paa kwa makini, akamtazama Mlinzi Mkuu, akafuta maji usoni.

"Banda la taifa halivuji, Si Menouar," alisema. "Umeona vibaya."